Aliyesema Geuza

Watu wa Wajir wanaijua harufu ya mvua kuliko wanavyoijua harufu ya watoto wao. Mvua ikinyesha mbali, mahali jicho halifiki, ngamia huinua pua, na mwenye ngamia naye huinua pua, na wote wawili hufurahi. Kwa hiyo siku Alio aliponusa udongo uliolowa, ndani ya gari lililofungwa vioo, kiangazi kikiwa kimewaka na hata wingu la kudanganyia watoto halipo, alipaswa kufurahi. Hakufurahi. Alishusha kioo, harufu ikaisha. Nje palikuwa na vumbi tu. Akapandisha kioo, harufu ikarudi.

"Daktari," aliita kupitia kidirisha kilichokuwa nyuma ya kichwa chake. "Umemwaga maji huko?"

"Maji gani? Hata ya kunywa yamekwisha," Hamse alimjibu.

Alio alikuwa dereva wa gari la wagonjwa, mtu mnene aliyependa tende na asiyependa maswali. Hamse ndiye aliyekaa nyuma na wagonjwa: kuzuia damu, kuweka dripu, kumshikilia mtu asife mpaka wafike hospitali kubwa ya mjini. Hakuwa daktari. Lakini huku kila anayevaa glavu huitwa daktari, na sijaona mtu aliyepewa jina hilo akalirudisha.

Gari lao lilikwenda kila upande, Diff kule mpakani, Hadado kule magharibi, na vijiji vyenye majina visivyo na barabara. Safari moja ilikula siku nzima. Na katika safari ndefu namna hiyo watu hufa, tena hufa katikati, mahali ambapo si nyumbani wala si hospitali. Hapo ndipo palipokuwa na desturi. Mgonjwa akikata roho njiani, Hamse aligonga bati na kusema neno moja tu, "Geuza," na Alio akageuza gari wakarudi walikotoka. Maana maiti ikifika hospitali itatiwa kwenye friji, mtu wa mihuri atatafutwa na hatapatikana, jua litazama na Mwislamu hajazikwa. Ni bora arudi kwao, aoshwe, asaliwe, afukiwe jioni ile ile. Wakubwa wa kazi walijua, wakatazama pembeni. Hilo halikuwa kosa.

Kosa lilikuja baadaye, na lilikuja limevaa nguo za huruma.

Palikuwa na mzee mmoja wa upande wa Diff, kifua kimejaa maji. Njiani akawa anapumua kama kuku aliyekanyagwa. Mwanawe alimshika Hamse mkono akamwambia kwa sauti ndogo, "Walaal, ndugu yangu, huyu anakwenda. Turudi, afie kwenye mkeka wake." Hamse alikuwa amechoka. Kazi ile ilikuwa imemla polepole kama mchwa anavyokula nguzo: kwa nje rangi ipo, ukigonga ndani unasikia uwazi. Alimtazama mzee, akaitazama barabara iliyobaki, akasema "Geuza" mtu akiwa bado anavuta pumzi.

Mzee alifika kwake hai. Alitamka shahada, akafa alasiri, mikononi mwa wake zake. Watu walimbariki Hamse mpaka akaona haya. Habari ikatembea kisima hadi kisima: yule daktari ana huruma.

Sasa mtu akishasifiwa kwa jambo, atalirudia hata kama ni kuanguka mtini. Hamse akamgeuza mwingine, na mwingine. Na kila aliyegeuzwa alikuwa na pumzi zaidi kidogo kuliko aliyemtangulia. Harufu ile ya udongo uliolowa ndiyo iliyofika kwanza. Ikishafika, Hamse alimtazama mgonjwa akajua kwamba huyu amekwisha, hakuna haja ya kuhangaika, na mikono yake ilitulia yenyewe, ikaweka vifaa chini. Haikuwahi kukosea. Aliyenukiwa na udongo alikufa. Hamse akaanza kuiamini harufu kuliko alivyoamini kipimo cha mapigo ya moyo.

Hakujiuliza ni udongo wa wapi. Alio ndiye aliyejua, siku waliposimama na wafiwa kwenye maziko, na mtu akanyunyiza maji juu ya kaburi jipya kama inavyofanywa. Harufu iliyopanda pale Alio aliitambua. Akamvuta Hamse nyuma ya mgunga akamwambia, "Ile harufu ya gari. Ni hii."

"Udongo ni udongo," Hamse alisema.

"Haya," Alio alisema, na kuanzia siku hiyo akaendesha gari vioo vikiwa chini, hata vumbi likimjaa mdomoni.

Nyumbani Hamse alikuwa na mke, Idil, mzaliwa wa Garissa, mwanamke asiyezungusha maneno. Jioni moja alimwekea wali na nyama ya mbuzi akakaa kumtazama.

"Leo ilikuwaje?"

"Tumempoteza mmoja."

"Na unaomba mchuzi zaidi."

"Nina njaa, Idil. Kuna ubaya?"

"Mwaka ule ulipoanza kazi, ukipoteza mtu, sufuria nilikuwa nampelekea jirani. Ulikuwa unalala uso ukutani. Nilisema, huyu ataniachia ujane kwa huzuni. Sasa unanyonya mfupa." Alitoa kipande cha nyama kwenye sahani yake akamwongezea. "Kula. Lakini hiyo kazi iache."

"Nimezoea tu. Kazi yoyote mtu huzoea."

"Mchinjaji wa soko la Garissa amezoea. Wewe hukuajiriwa kuchinja."

Hamse alicheka. "Na nikiacha, nani atapanda lile gari?"

"Atapanda mtu ambaye bado akifiwa hali chakula."

Hakuacha. Wanaume hungoja mpaka kitu kiwatoe kwa nguvu, halafu husema wamejiamulia.

Siku chache baadaye walimbeba mchungaji mmoja aliyepigwa teke na ngamia tumboni. Hamse alikuwa akimfuta jasho, akihesabu pumzi zake, alipohisi gari linapunguza mwendo, linazunguka, na jua linahama kutoka dirisha la kushoto kwenda la kulia. Akagonga bati.

"Alio, mbona unarudi?"

"Umesema geuza."

"Sikusema."

"Umesema, daktari. Nimekusikia. Tena umeita jina langu."

Kila mmoja alidhani mwenzake amekosa usingizi. Hamse alitaka kumwambia aendelee mbele. Alipomgeukia mchungaji, hapakuwa tena na wa kupelekwa mbele.

Ikatokea tena, na tena. Alio akaanza kuuliza kila mara, "Ni wewe?" na Hamse akajibu si yeye. Kisha siku moja Alio aliuliza, "Ni wewe?" na Hamse akafungua mdomo ajibu, akagundua kuwa hajui. Ulimi wake ulikuwa na ladha ya neno lile. Huenda amelisema. Huenda hakulisema. Kusikia sauti isiyo na mwenyewe ni jambo la kutisha, lakini mtu anaweza kusoma dua akalala. Kutojua kama mwenyewe ni wewe, hapo hakuna dua inayokuja haraka.

Hakumwambia Idil. Alikula wali wake.

Wakati huo gari lilikuwa limeongezewa mkunga, Qabale, msichana wa Kiborana mwenye mikono mikavu na kichwa kigumu, maana wanawake wengi walikuwa wakijifungua njiani. Safari ya tatu ya Qabale ndiyo iliyomaliza mambo.

Waliitwa upande wa Diff kumchukua Sirad, mwanamke aliyejifungua asubuhi na damu ikakataa kusimama. Mtoto aliachwa kwa shangazi. Mama yake Sirad, bibi mmoja mkavu aitwaye Fatumo, alipanda nyuma bila kuuliza kama anaruhusiwa, akakaa sakafuni, akaweka kiganja kifuani kwa binti yake, na hapo akakaa kama aliyeshonwa.

"Hooyo, mama, kaa kwenye kiti," Qabale alimwambia.

"Kiti hakinisaidii kusikia moyo."

Qabale alimchoma Sirad sindano ya kukaza mji wa uzazi, akaanza kumkanda tumbo. Hamse alifungua dripu ya pili. Akakata plasta ya kushikilia sindano mshipani, akaishika kwa meno ili mikono yake iwe huru. Jua lilikuwa limelegea, vumbi nje limekuwa jekundu, na kila jiwe lilikuwa na kivuli kirefu kuliko lenyewe.

Ndipo harufu ikaja.

Haikuja kama siku nyingine, kidogo kidogo, bali ilijaa mara moja kama mtu aliyemwaga ndoo, udongo mbichi, udongo wa shimo refu ambao haujawahi kuona jua, ukiwa umenyunyiziwa maji sasa hivi, na Qabale aliinusa akainua uso, na Fatumo aliinusa akakaza kiganja chake kifuani kwa binti, na Hamse aliinusa akahisi mikono yake inatulia, inapoa, inaweka mrija wa dripu chini kwa upole kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia, na akili yake ikamwambia bila huzuni yoyote kwamba huyu amekwisha, asisumbuliwe, nyumbani kwake kuna mkeka, na wakati huo huo, katikati ya gari, kwa sauti yake Hamse, yenye uchovu wa Hamse na upole wote ambao watu walikuwa wameusifu kisima hadi kisima, kitu kikasema:

"Alio. Geuza."

Gari likapunguza mwendo, likaanza kuzunguka.

Qabale alimtazama Hamse. Fatumo alimtazama Hamse. Meno ya Hamse yalikuwa yameuma plasta, midomo imefungwa juu yake.

"Nani amesema?" Qabale alinong'ona.

Hamse alitoa plasta mdomoni. "Alio," alisema, "usigeuze."

"Alio, geuza," sauti ilisema, karibu sana na sikio lake, bila haraka.

"Usigeuze."

"Geuza. Mwanamke amechoka."

Kule mbele Alio alikanyaga breki, gari likasimama limekata barabara, kichwa kikielekea porini. "Daktari," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Unasema mambo mawili. Nifuate lipi?"

Ilisikika pumzi ya Sirad, nyembamba, na dripu ikidondoka sakafuni pale Hamse alipoiweka.

Fatumo ndiye aliyesema, na hakuinua sauti. "Mwanangu hajafa. Namsikia hapa chini ya mkono. Daktari, huyo anayetaka afe amekaa upande wako."

"Mimi sijasema, mama. Wallahi."

"Najua hujasema. Nina macho. Lakini leo hujasema, na jana?"

Hamse aliutazama mrija aliouweka chini.

"Basi shuka," bibi alisema. "Msichana huyu anatosha. Wewe mikono yako imeshamzika binti yangu, nimeiona. Shuka."

Mtu mwingine angejitetea kwa vyeti. Hamse alimtazama Qabale, ambaye hakuwa ameacha kukanda tumbo hata mara moja, jasho likimtiririka puani. Akaokota dripu, akairudisha mshipani, akaifunga kwa ile plasta yenye alama za meno. Akafungua mlango wa nyuma akashuka. Fatumo alivua mtandio wake, akaukunja, akaushindilia kwenye kidirisha cha dereva mpaka hapakuwa na upenyo wa kupita hata nzi. Kisha akapiga bati kwa ngumi, na gari likajinyoosha barabarani, likaenda mbele.

Hamse alikaa kando ya njia. Maghrib iliingia, akatayamamu kwa mchanga, akasali. Alingoja sauti imfuate. Alikuwa tayari kwa hilo. Haikuja, na yeye akashukuru, akadhani ameponyoka. Lori la mbuzi lilimpitia, likamfikisha mjini akiwa amekaa kati ya pembe.

Sirad alitiwa damu, akaishi. Siku aliyoruhusiwa kutoka, Fatumo aliulizwa kama angependa kumshukuru daktari. Akasema amekwisha kumshukuru, alimshusha.

Hamse alipomwambia yote, Idil hakungoja. Alimpeleka Hamse kwa Maalim Daud, mtu aliyesomea watu wenye majini kwa miaka mingi na ambaye hakuwa na mbwembwe, hana ngoma, hana kuku mweusi, ana Kurani na birika la maji. Maalim alisikiliza kisa chote, akamwekea mkono kichwani akasoma. Alisoma mpaka koo likakauka, akanywa maji, akasoma tena. Hamse hakuanguka, hakutoa povu, hakuzungumza lugha ngeni. Alikaa tu kama anayenyolewa.

Maalim aliondoa mkono. "Ndani yako hamna kitu."

"Alhamdulillahi," Hamse alisema.

"Usishukuru upesi. Wangapi wanakuja hapa na majini ndani, nawatoa wanarudi kwao. Wewe jini hakukuingia. Alikaa kando yako akakusikiliza. Niambie, yule mtu wa kwanza aliyegeuzwa akiwa na pumzi. Neno lilisemwa na nani?"

Hamse alitazama mkeka.

"Nauliza."

"Mimi."

"Na wa pili?"

"Mimi."

"Basi hakuja na neno lake. Alijifunza kwako." Maalim alimimina maji yaliyosomewa kwenye chupa. "Oga kwa haya. Na kazi hiyo usirudi. Si kwamba ni mbaya. Ni njema kuliko yangu. Lakini mtu akianza kumwona aliye hai kama maiti anayechelewa, amekwisha kumaliza kazi, hata kama kazi haijammaliza. Ulipaswa kutoka siku ile ya mzee wa Diff. Ungelala, ungelia, ungetafuta kazi nyingine, na hakuna ambaye angekuwa amejifunza chochote."

"Tumekuambia," Idil alisema kutoka mlangoni.

"Na lile gari niletewe nilisomee," Maalim aliongeza.

Waliahidi. Lakini gari lilikuwa safarini, na liliporudi likaitwa tena, na ofisini mtu wa kuombwa ruhusa alikuwa likizo. Jambo la lazima hungoja sana kwenye foleni ya mambo ya haraka. Mwisho likasahaulika.

Hamse alikwenda kuchunga ngamia wa adeer yake, ndugu mdogo wa baba, upande wa Hadado. Watu walimcheka, daktari mzima nyuma ya mkia wa ngamia. Idil aliwajibu kwamba ngamia akichinjwa huliwa, na wao wakifa hawafai hata kwa hilo. Msimu ule ndama mmoja alizaliwa vibaya, Hamse akampigania tangu alfajiri, ndama akafa jua likiwa kichwani. Siku hiyo hakugusa chakula. Idil aliipeleka sufuria kwa jirani, akarudi anatabasamu.

Mvua ilikwisha kunyesha na majani yameota, gari la wagonjwa lilipofika Hadado kuchukua mtu. Wakati mgonjwa akitayarishwa nyumbani kwake, Alio alilisimamisha kando ya zizi akaja kunywa chai. Alikuwa amekonda.

"Waryaa, ewe mchunga ngamia," alisema.

"Waryaa, mla tende. Qabale yupo?"

"Amehamishwa. Yuko kijana mpya, Mustafe, ametoka Mandera. Mwepesi wa mikono, wallahi. Na ana huruma."

Hamse alishusha kikombe. "Huruma ya namna gani?"

Alio alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Juma lililopita tuligeuza."

"Mgonjwa alikuwa amekufa?"

"Alikufa jioni."

"Sikuuliza jioni."

Hamse alisimama, akafunga vizuri shuka yake kiunoni, akaliendea gari. Hakuwa amewahi kumwona Mustafe, wala Mustafe kumwona yeye. Mmoja aliondoka kabla ya mwingine kufika. Milango ya nyuma ilikuwa wazi. Kijana alikuwa ameinama ndani, mgongo kwa nje, akipanga chupa za dripu na kuimba puani.

"Assalamu alaikum," Hamse alisema.

"Wa alaikum salaam," Mustafe alijibu bila kugeuka. "Leo umewahi. Hata mgonjwa hajapanda."

Aliweka chupa ya mwisho mahali pake. Kisha kijana akageuka. Alimwona mtu mrefu mwenye shuka ya kuchungia na vumbi miguuni. Akamkodolea, uso ukichanganyikiwa, kisha ukafunguka kwa furaha kama wa aliyekutana na jamaa.

"Kumbe una sura," alisema.

Hamse alikuwa amekuja na maneno mengi. Alitaka kusema, shuka, kijana, usimsikilize. Midomo yake ilikwisha kufunguka. Akaifunga. Angesema kwa sauti gani, ambayo kijana huyu hajaizoea na kuitii?

Basi akamshika mkono, kwa nguvu, akaanza kumvuta nje ya gari bila neno lolote, kama mtu anavyomvuta mbuzi kisimani, na Mustafe akashikilia mlango akicheka, akidhani ni mzaha, akimwambia, "Ngoja, ngoja, sema basi. Siku zote unasema."